Kiti cha Dereva

Gari lilifika kwa Mama Tochi likiwa mgongoni mwa lori, kwa sababu betri yake ilikuwa imekufa, na mwenyewe naye alikuwa amekufa miezi minane kabla ya betri. Lilikuwa gari la kifahari, refu, jeusi, la aina ile ambayo likisimama mbele ya ofisi hata walinzi hunyoosha mashati.

Mama Tochi hakuwa na haraka ya kulisifia. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kukagua magari yaliyotumika kabla muuzaji na mnunuzi hawajapeana mikono, na jina lake alilipata kwa sababu alitembea na tochi hata saa sita mchana. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya duka la matairi: paa la bati, lifti moja ya kuinulia magari, meza moja, na sakafu ya saruji aliyoipiga deki kila asubuhi ili gari likidondosha hata tone la oili lisipate nafasi ya kumsingizia jirani.

Aliyelileta alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa mwisho wa marehemu. Nyumbani walimwita Kitinda tangu utotoni, na jina halikumtoka hata alipoanza kuvaa miwani ya kusomea. Baba yake aliwahi kuwa mkurugenzi wa idara ya maji, na hata baada ya kustaafu watu wote, mkewe akiwemo, waliendelea kumwita Mkurugenzi. Aliacha watoto wawili tu, Kitinda na kaka yake, mhandisi wa barabara. Walikuwa wamekubaliana gari liuzwe. Mnunuzi alikwishapatikana, bwana mmoja wa kukodisha magari ya harusi, naye alisema hatoi neno la mwisho mpaka aone karatasi ya ukaguzi yenye sahihi ya Mama Tochi.

Kwa kawaida wauzaji humfuata Mama Tochi nyuma nyuma wakilisifia gari kama mtu anayeozesha binti. Kitinda hakufanya hivyo. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akaligeuzia gari mgongo. Mama Tochi alipomuuliza maswali ya fomu, alijibu kwa ufupi: mwenye gari alikuwa mmoja tangu likiwa jipya, lilikuwa likiendeshwa na dereva wa kuajiriwa, na ndiyo, liliwahi kupata ajali, miaka sita iliyopita.

"Dereva wetu aliliingiza chini ya lori bovu lililoachwa kando ya barabara," alisema. "Mama alikuwa amekaa nyuma. Aliishi siku tisa."

Mama Tochi alimpa pole, akasimama kidogo kwa heshima, kisha akawasha tochi yake.

Alianza na betri ya kuazima, kisha milango. Milango ya nyuma ilijifunga kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Mlango wa mbele wa kulia, upande wa usukani, ulitaka kusukumwa mara mbili. Akapitisha kipimo cha rangi juu ya bodi. Nyuma kote rangi ilikuwa ya kiwandani, nyembamba na sawasawa. Kuanzia boneti hadi mlango wa dereva ilikuwa nene maradufu, na chini yake palikuwa na puti ya kuzibia mabonyeo. Alilala chali kwenye ubao wake wa magurudumu, akaingia chini, akaona chuma cha mbele kilivyokatwa na kuungwa. Kiungo chenyewe hakikuwa kibaya. Aliyechomelea alijua kazi, ila alikuwa na haraka.

Ndani, ngozi ya viti ilikuwa bado laini. Kiti cha nyuma kushoto kilikuwa kimebonyea kidogo, cha kulia kilikuwa kama kipya. Alikagua mishono, mikanda, zulia, sehemu ya tairi la akiba, vitu ambavyo wenye gari huvisahau na waongo pia huvisahau. Halafu akageuza ufunguo bila kuwasha injini, akazikodolea macho taa za dashibodi.

Gari lisilo na hitilafu huwasha taa zake zote kwa sekunde chache, kisha huzizima moja baada ya nyingine likijikagua lenyewe. Hapa ziliwaka zote isipokuwa moja, taa ya mifuko ya hewa, ile mifuko inayofumuka kumkinga mtu gari linapogonga. Taa hiyo haikuwaka kabisa. Mama Tochi alirudia mara tatu. Kisha akafungua kifuniko cha katikati ya usukani, akamulika, akakuta uwazi. Kifuniko kilikuwa kizuri, kimeshonwa vizuri, na nyuma yake hapakuwa na mfuko wowote. Waya wa taa ulikuwa umekatwa na kufungwa utepe mweusi.

Hilo peke yake lilitosha kuliangusha gari. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza kazi, kwa hiyo akatafuta kile kisanduku kidogo cha kompyuta kinachotawala mifuko hiyo, kilichofungwa chini ya dashibodi katikati ya viti. Waliotengeneza gari hawakukibadilisha. Walikiacha palepale, wakaizima taa yake tu. Na kisanduku cha aina ile, gari likigonga kwa nguvu, hufunga kumbukumbu ya sekunde za mwisho na hakikubali kuifuta. Mama Tochi aliunganisha kompyuta yake, akavuta kigoda, akasoma.

Akasoma tena. Akamtazama Kitinda kwenye benchi, akairudia mara ya tatu.

Kazi yake ilikuwa kusema habari za magari, si za watu. Fomu yake ilikuwa na kurasa nne, na hata moja haikuwa na nafasi ya jambo hili. Angeweza kuandika kwamba gari halifai kubeba maharusi wala mtu mwingine, akatia sahihi, akalala usingizi wake. Alikaa na wazo hilo kwa muda wa kunywa nusu chupa ya maji. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi.

"Mwalimu, nikuulize. Huyo dereva wenu alikuwa mrefu?"

Kitinda karibu acheke. Alisema alikuwa mfupi kiasi kwamba yeye na kaka yake walimwita Mjomba Mto, kwa kuwa alikalia mto ili aone mbele ya boneti, na kiti alikivuta hadi magoti yakagusa usukani. Baba yake ndiye aliyekuwa mrefu, mtu wa kuinamia milango.

"Alikuwa akifunga mkanda?"

Mjomba Mto hakuwasha gari kabla kila mtu hajafunga, Kitinda alijibu. Hata Mkurugenzi alikuwa akimtania kwamba atamfunga mkanda mpaka kitandani.

"Na siku ya ajali aliumia wapi?"

"Mfupa wa bega. La kushoto." Kitinda aliligusa la kwake bila kujua. "Kwa nini?"

Mama Tochi alimwonyesha dereva anakokaa, upande wa kulia, na jinsi mkanda wake unavyoshuka kutoka bega la kulia. Akamwonyesha kiti cha abiria wa mbele, ambako mkanda hushuka kutoka bega la kushoto.  Alimpa karatasi aliyoichapa. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Mkanda wa dereva haukufungwa. Kiti cha abiria wa mbele kilikuwa na mtu, mkanda umefungwa. Breki haikukanyagwa mpaka muda wa kukanyaga ulipokwisha.

Kitinda alikuwa mtu wa hesabu. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akamwomba Mama Tochi asimwambie mnunuzi lolote zaidi ya habari za gari. Mama Tochi alikubali. Alimwona akifika getini, akarudi, akachukua miwani aliyoisahau kwenye benchi, akaondoka bila kuivaa.

Jambo ambalo Kitinda hakumweleza Mama Tochi ni barua. Kesi ya Mjomba Mto ilipokaribia hukumu, yeye, akiwa bado na nguo nyeusi, alimwandikia hakimu kurasa mbili. Aliandika kwamba mtu huyu alikula mezani kwao miaka kumi na tisa, kisha akamuua mama yao kwa uzembe, na kwamba akionewa huruma basi mama yake hakuwa mtu. Mjomba Mto alifungwa mwaka mmoja na nusu na kunyang'anywa leseni kwa maisha yake yote. Baada ya kutoka, Kitinda alikutana naye mara moja kwenye foleni ya benki. Alimtemea mate miguuni, mbele za watu.

Alikwenda kwanza kwa kaka yake. Ilikuwa saa kumi jioni, na kaka mtu alikuwa barazani akisoma michoro ya daraja. Kitinda aliiweka karatasi juu ya michoro. Kaka aliisoma mpaka chini, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakuuliza imetoka wapi.

"Ulijua," Kitinda alisema.

 Kaka alieleza, macho yakiwa kwenye michoro. Siku ile Mkurugenzi alikuwa amegombana na daktari aliyemwambia macho yake yameanza kufifia, asiendeshe tena. Alipotoka hospitali alimwambia dereva ahamie kiti cha pembeni. Kaka ndiye aliyepigiwa simu na kufika kwanza. Alimkuta baba yao ameshatolewa, ameketi ukingoni mwa barabara, paji la uso linavuja damu, anarudia neno moja: nimemuua, nimemuua. Mjomba Mto naye alikuwa ameshatolewa kiti cha mbele, amelazwa kando, amezimia. Polisi walipofika wakauliza dereva ni nani. Kila mtu mtaani alijua dereva wa gari lile ni nani.

"Nilimtaja yeye," kaka alisema. "Nilidhani ni maneno ya siku moja, mpaka baba atulie. Kesho yake yakawa yameandikwa. Halafu mama akafa. Ningeyafuta vipi?"

Ndiye pia aliyesimamia matengenezo, akawaambia mafundi wafanye haraka gari lisionekane limeumia. Hakujua kwamba hawakurudisha mifuko ya hewa. Mkurugenzi alikaa katika gari lile miaka mitano iliyofuata, siku zote kiti cha nyuma kushoto, hakugusa usukani tena, wala hakumtaja Mjomba Mto hadi anaingia kaburini.

Kitinda alisimama. Alimwambia kaka yake kwamba atarudi kuzungumza naye siku ambayo ataweza kumtazama, na kwamba siku hiyo haijui.

Jumamosi asubuhi alikwenda kumtafuta Mjomba Mto. Ilimbidi aulize watu watatu. Alikuwa fundi wa mabegi na miavuli sasa, na cherehani yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule, kati ya ndoo za plastiki na kabati la madaftari. Alikuwa amezeeka. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na alipopitisha kitambaa chini ya sindano alisaidia mkono ule kwa mwingine.

"Shikamoo, Mjomba."

Mzee alimtambua, na mikono yake ikasimama. Pengine alidhani atatemewa tena. "Marahaba," alisema, kisha taratibu akavuta kiti cha wateja.

Kitinda hakuweza kukaa. Alimpa karatasi akiwa amesimama. Mjomba Mto aliisogeza mbali na macho, akaisoma kwa shida, akamrudishia.

"Gari ni chuma tu, mwanangu," alisema. "Kesi ilikwisha. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya hakimu nikasema ndiyo."

"Kaka ameniambia yote."

Mzee alitoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Si yote. Yote hayajui."

Hapo ndipo alipomweleza. Alisema siku ya nane hospitalini, bega limefungwa na polisi amekaa mlangoni, muuguzi alikuja kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi wodi ya wanawake. Mama yake Kitinda ndiye aliyemwita. Alikuwa anaongea kwa tabu, neno moja moja, lakini akili yake ilikuwa timamu, na alijua vizuri nani alikuwa ameshika usukani kwa sababu kisogo cha mumewe kilikuwa mbele yake.

"Aliniambia, wameshasema ni wewe. Sina haki ya kukuomba hili, lakini nakuomba. Mimi ninakwenda. Watoto wasije wakapoteza mama na baba kwa pamoja." Mjomba Mto alitazama barabarani. "Sikumjibu. Nilimshika mkono tu, tukakaa hivyo. Alfajiri akafa. Sasa ningemfuata wapi kumwambia nimekataa?"

Kitinda alikaa. 

"Na barua yangu," alisema. "Walikusomea?"

"Walinisomea."

"Mjomba, nisamehe."

Mzee hakukimbilia kusema yamekwisha, na Kitinda baadaye alimshukuru kwa hilo kuliko kwa jingine lolote. Alisema hataki kumdanganya. Alikuwa amekasirika, tena sana. Alimchukia Mkurugenzi, akamchukia kaka mtu, na gerezani kulikuwa na siku alizomchukia hata marehemu mama yao, kwa kumwomba kitu ambacho mtu haombwi. Mwanawe wa pili aliacha masomo mwaka ule na mpaka leo hamwiti baba, kwa sababu watoto wenzake walimwambia baba yake ni muuaji. Nyumbani kwake mkewe peke yake ndiye aliyeujua ukweli, na alimwambia mara elfu autoe.

"Lakini wewe sikukuchukia," alisema. "Ulikuwa unamlilia mama yako. Nilikuwa nimekubeba mgongoni ukiwa na surua. Ningekuchukiaje?"

Mteja alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu. Mjomba Mto aliupokea, akamwambia arudi Jumatatu, akauning'iniza kwenye msumari. Wakati huo wote Kitinda alikuwa anafuta uso kwa kiganja, akashindwa kuukausha.

Ukaguzi wa Mama Tochi ulitoka wiki hiyo, kurasa nne, sahihi mwishoni. Mnunuzi wa magari ya harusi aliusoma, akashukuru, akaondoka. Kitinda hakutaka gari limbebe mtu mwingine yeyote, na Mama Tochi akamsaidia kulipeleka kwa wauza vipuri. Walilichambua kwa siku tatu. Injini ilikuwa nzima kabisa. Kisanduku kile kidogo Mama Tochi alikitia kwenye bahasha, akaandika maelezo yake na kula kiapo mbele ya wakili, akaenda mwenyewe kukikabidhi mahakamani.

Maana kaka alikuwa amepiga moyo konde. Haikuwa rahisi wala haikuwa mapema. Ilimchukua wiki saba. Alikwenda kwa Mjomba Mto mara mbili, akafika kibarazani akageuza, na mara ya tatu akakaa kwenye kiti cha wateja saa nzima bila kuweza kuanza, mpaka mzee akamwonea huruma, akamwuliza kama mkewe hajambo. Siku iliyofuata alikwenda kwa wakili akaandika yote kwa mkono wake, pamoja na jina lake na alichowaambia polisi. Alijua anaweza kushtakiwa. Alishtakiwa kweli, akapewa kifungo cha nje, na cheo kilichokuwa kinamsubiri kazini kikaenda kwa mwingine. Hakulalamika mbele ya mtu.

Hukumu ya Mjomba Mto ilifutwa baada ya miezi tisa ya kwenda na kurudi. Mahakamani palikuwa na watu wachache: mkewe, Kitinda, Mama Tochi na tochi yake mkobani. Mwanawe wa pili alifika amechelewa, akasimama nyuma karibu na mlango. Jaji aliposoma, mzee hakuinua macho. Walipotoka nje kijana akamkaribia, akachukua mfuko wa karatasi ambao mzee alikuwa ameushika, akaubeba yeye. Waliondoka wakiwa wamelingana hatua.

Kitinda alimuuliza Mjomba Mto angependa wamfanyie nini. Alisema leseni hataitumia, macho yake nayo si yale. Alikuwa na ombi moja tu. Hakuwahi kuruhusiwa kwenye mazishi, na baada ya gereza aliogopa kuonekana makaburini, watu wasije wakasema muuaji amekuja kuringa.

Walikwenda siku ya Jumapili, mchana. Kitinda na kaka yake walifika kila mmoja kwa gari lake, maana walikuwa bado hawajaweza kukaa pamoja ndani ya chumba kidogo. Walimwonyesha kaburi, kisha wakarudi nyuma hadi kwenye ukuta, wakasimama hatua kadhaa mmoja kutoka kwa mwenzake.

Mjomba Mto aling'oa majani yaliyoota pembeni, kwa mkono wa kulia, moja moja. Kisha akapiga magoti na kuanza kuzungumza. Walimwona akitikisa kichwa, wakamwona akinyoosha kidole mara moja kama anayelaumu. Sauti haikuwafikia. Upepo ulikuwa unatoka upande wao.

Alipomaliza alitaka kuinuka, bega likamsaliti. Kaka na dada waliondoka ukutani kwa wakati mmoja, wakamshika huku na huku.